Gitaa la pili: wapigaji ambao orodha za mabingwa huwaacha nje

Orodha za wapiga gitaa bora wa Afrika huanzia na kuishia pale pale: Franco, Dr Nico, Ali Farka Touré na, kwa wenye mapenzi ya nyumbani, Mbaraka Mwinshehe. Hao ni wakubwa na hakuna anayewapokonya chochote. Kasoro iko kwenye kipimo. Orodha hizo hupima solo: kasi ya vidole vya mkono wa kushoto, urefu wa kipande, na kama mwimbaji alilitaja jina la mpigaji katikati ya wimbo. Ni kipimo cha rock ya Uingereza na Marekani, ambako mtu mmoja husimama mbele na wengine wakamsindikiza. Dansi ya Dar es Salaam, rumba ya Kinshasa na benga ya Kisumu hazikujengwa hivyo. Huku magitaa mawili au matatu hugawana sentensi moja, na ukilitoa la pili, yaani la ridhimu linaloshikilia kordi, la kwanza linabaki linabwabwaja.

Napendekeza kipimo kingine: sikiliza mkono wa kulia, kisha angalia ni nafasi zipi mpigaji anaziacha wazi kwa makusudi. Kwa kipimo hicho wanajitokeza watu ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa hata kwenye lebo ya santuri, maana lebo ilitaja bendi na mtunzi, basi. Wanajitokeza pia wapigaji wa peke yao, waliobeba besi, ridhimu na solo kwenye gitaa moja kavu, lisilo la umeme. Nianze na hao wa mwisho, kwa sababu mengi yaliyofuata kwenye bendi yanaeleweka vizuri ukishawasikia.

Jean-Bosco Mwenda, baadaye Mwenda wa Bayeke, alizaliwa Bunkeya, Katanga, mwaka 1930. Wapenzi wa gitaa la vidole huko Ulaya na Marekani wanamfahamu. Kijana wa Kiswahili wa leo hamfahamu, ingawa aliimba kwa Kiswahili. Hugh Tracey, mtafiti aliyerekodi muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, na wimbo wa "Masanga" ukatoka hapo ukazunguka dunia. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Alifariki kwa ajali ya gari nchini Zambia mwaka 1990.

Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kulia: gumba na shahada. Wengi wanaojaribu nyimbo zake hukosea hapo mwanzo kabisa. Wanaleta vidole vitatu au vinne walivyofundishwa kwenye gitaa la kizungu, noti zote zinatoka, lakini wimbo unakuwa laini mno, hauna mfupa. Kidole kimoja cha shahada kinapolazimika kuruka kutoka uzi wa kwanza hadi wa tatu na kurudi, kila noti inapata pigo lake, na kati ya noti na noti kunabaki mwanya mdogo. Mwanya huo ndio unaoupa wimbo mwendo. Ukigawa kazi kwa vidole vitatu unauziba.

Kwa anayetaka kujaribu, njia ni hii. Gitaa likae katika utuni wa kawaida, mkono wa kushoto ushike kordi ya C. Gumba lianze peke yake: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne, mapigo 60 kwa dakika, hadi liende bila kufikiriwa. Kiganja kiegemee kidogo kwenye daraja ili besi ikatike mapema na isivume. Kisha shahada iingie kwenye uzi wa pili, kwanza pamoja na gumba, halafu katikati ya mapigo ya gumba. Baada ya hapo panga noti za shahada katika makundi ya tatu huku gumba likiendelea na hesabu ya nne. Hapo ndipo watu wengi hukwama, na sababu ni ile ile: gumba linaanza kumfuata shahada. Tiba yake ni kupunguza mwendo, wala si kuhesabu kwa sauti kubwa zaidi. Ukiona gumba limeyumba, rudi mapigo kumi nyuma. Kucha ndefu ya gumba pia huharibu, kwani besi inakuwa kali na kuifunika sauti ya juu.

Kuna jambo la utuni ambalo huwapoteza wengi. Katika Afrika ya kati wapo wapigaji waliokuwa wakiuinua uzi wa sita kwa nusu toni, kutoka E hadi F. Kwa kufanya hivyo, kordi ya F inapata besi yake wazi, na kidole kilichokuwa kifungwe kwenye freti ya kwanza kinakuwa huru kwenda kutafuta sauti ya juu. Anayejaribu kuiga rekodi ya namna hiyo kwa utuni wa kawaida hujikuta anabana kordi nzima kwa kidole kimoja, mkono unachoka, na bado kuna noti moja haipatikani. Nyuzi nyembamba za chuma huvumilia nusu toni hiyo bila shida. Nyuzi nene zilizozeeka zikatike usishangae. Kapo nazo, yaani vibano vya shingo vinavyopandisha sauti ya nyuzi zote, zilikuwa za kujitengenezea: penseli au kijiti kilichofungwa kwa kamba au mpira juu ya shingo.

Baada ya Bosco sikiliza Edouard Masengo, ndugu yake, kisha Losta Abelo, mwenzao wa Lubumbashi. Masengo hana mtandao wa noti kama wa Bosco. Gitaa lake ni jepesi, linakaa kando ili sauti ipite. Wapo wanaolichukulia hilo kuwa udhaifu. Mimi naliona ni uamuzi, na kwa anayejifunza ni mlango rahisi zaidi wa kuingilia Katanga kuliko "Masanga". Masengo na Bosco wote waliishi Nairobi kwa muda, na gitaa la vidole la Kenya lilipata mengi kutoka kwao, ingawa halikuanzia kwao.

Tahadhari kabla ya kwenda mbele: rekodi nyingi za zamani zilizowekwa kwenye intaneti hazipo katika mwendo wake sahihi. Santuri ikizungushwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote unapanda nusu toni, na mwanafunzi anahitimisha kwamba mpigaji alitumia kapo au utuni wa ajabu. Sikiliza sauti ya mwimbaji kwanza. Ikiwa nyembamba na yenye haraka isiyo ya kibinadamu, shusha mwendo na sauti kwa pamoja ndipo utafute vidole. Na kama lengo lako ni kulisikia gitaa la pili ndani ya bendi, punguza sauti zote za chini ya hezi 200 kwenye ikwalaiza ili besi iondoke njiani, halafu cheza wimbo kwa asilimia 75 ya mwendo wake.

Magharibi mwa Kenya kuna mtindo ambao nadhani umedharauliwa kuliko wote niliotaja hapa: omutibo wa Waluhya. George Mukabi ndiye anayehusishwa nao zaidi. Alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, akiacha nyimbo kama "Sengula Nakupenda", na mwaka 2017 rekodi zake zilikusanywa upya kwa jina la "Furaha Wenye Gita". Tofauti na Katanga inasikika ndani ya sekunde chache. Gumba la Bosco ni nguzo. Linashika hesabu na kuiachia shahada uimbaji. Gumba la Mukabi lenyewe linaimba. Besi inapanda na kushuka ikiwa na wimbo wake, na shahada inaujibu kwa kuchelewa kidogo, kiasi kwamba mtu asiyeambiwa anaweza kuapa kuwa anasikia watu wawili.

Kisha kuna chupa. Chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye mistari ya mviringo, hugongwa na kukwaruzwa kushika mapigo madogo. Watu huichukulia kama kichekesho cha kijijini, kumbe inafanya kazi nzito. Gumba likishakuwa na wimbo wake halina tena muda wa kulinda hesabu, kwa hiyo hesabu lazima ikae mahali pengine. Ndiyo maana anayepiga omutibo peke yake chumbani, bila chupa, kila mara husikika kama anayejikwaa hata kama noti zote ni sahihi. Kugonga mguu hakusaidii, kwa sababu mguu hufuata mapigo makubwa ambayo gumba linakwepa kuyatua. Tafuta mtu wa chupa, au rekodi mlio mkavu wa mapigo madogo na upige juu yake.

Kikundi cha Abana ba Nasery cha Bunyore ndicho kilichouendeleza mpangilio huu vizuri zaidi kwa magitaa mawili: Shem Tube na Justo Osala kwenye gitaa, Enos Okola kwenye chupa, wote watatu wakiimba. Lebo ya GlobeStyle ya London iliwatolea mkusanyiko wa rekodi za zamani. Sikiliza jinsi gitaa la Osala linavyokataa kurudia analofanya Tube. Tube akiwa chini, yeye yuko juu. Tube akipanda, yeye anarudia vipande viwili vya noti na kunyamaza. Ni kanuni ile ile ya bendi kubwa ya umeme, isipokuwa hapa hakuna spika wala ngoma ya kuficha makosa.

Fundi Konde nitamgusa kwa kifupi, maana yeye anajulikana kwa nyimbo zaidi ya vidole. Mzaliwa wa pwani ya Kenya mwaka 1924, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi hadi Burma wakati wa vita vya pili vya dunia, na ni miongoni mwa wa kwanza kulileta gitaa la umeme kwenye rekodi za Kenya. Lebo ya Retroafric ilikusanya kazi zake za 1947 hadi 1956. Cha kusikiliza ni kordi zake. Pale ambapo wengine walitosheka na kordi tatu, yeye anapita njia za pembeni zenye harufu ya jazi, anazipita haraka, na mwimbaji, ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe, haonyeshi hata kidogo kwamba kuna jambo limetokea nyuma yake.

Sasa Kongo, na hapa ndipo hoja ya gitaa la pili inapopata ushahidi mzito. Mwaka 1960 African Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, walikuwa Brussels wakirekodi "Indépendance Cha Cha". Kila mtu anakumbuka sauti ya Grand Kallé na gitaa la Nico Kasanda, yaani Dr Nico. Nyuma ya Nico alikaa kaka yake, Charles Mwamba, aliyeitwa Dechaud. Na katika msafara huo alikuwamo pia mpiga gitaa Brazzos, aliyetoka OK Jazz, bendi ya Franco. Ondoa Dechaud kwenye nyimbo za African Jazz uone kinachobaki: Nico anaweza kuchelewa, kuning'inia, kuacha sentensi nusu, kwa sababu kuna mtu anayeishikilia kordi ikiwa imevunjwa vipande vidogo, sawasawa, bila kupaza sauti. Solo ya Nico inasifiwa kwa utulivu. Nusu ya utulivu huo ni wa kaka yake.

Kutoka kwenye ushirikiano wa namna hiyo likazaliwa gitaa la tatu, mi-solo, linalokaa kati ya ridhimu na solo. Likapata pia mbinu ya nyuzi inayoitwa mi-composé, ambayo mpiga gitaa yeyote anaweza kuijaribu leo kwa gharama ya uzi mmoja. Unatoa uzi wa nne, ule mnene wa D, mahali pake unaweka uzi mwembamba wa kawaida wa kwanza, na unautuni D ya oktavi ya juu, yaani toni moja tu chini ya uzi wa kwanza ulio wazi. Vidole vya kushoto vinashika maumbo yale yale uliyozoea, lakini noti iliyotarajiwa chini inatokea juu. Kordi ikivunjwa noti baada ya noti, mlio unaruka mahali usipoutegemea, na hivyo ndivyo zinavyotokea zile noti za kumetameta kwenye sebene, sehemu ya wimbo ya kucheza ambapo magitaa hutawala, ambazo hazipatikani kwa gitaa la kawaida hata ukimbie vipi.

Mambo mawili huharibika. La kwanza, mfereji wa uzi wa nne pale juu ya shingo ulichongwa kwa uzi mnene. Uzi wa milimita robo unacheza ndani yake na kutoa mlio wa nyuki. Weka kipande chembamba cha karatasi ngumu chini yake, au, kama gitaa ni la kubaki hivyo, badilisha kile kipande cha mfupa. La pili, uzi wa 010 (unene wa inchi 0.010) ukishushwa hadi D unalegea kidogo na kupanda sauti kila unapoubonyeza kwa nguvu. Chukua 011. Na usipige kordi nzima kwa mkupuo katika utuni huu, hasa karibu na besi, kwa sababu katikati ya kordi kunakuwa na shimo. Mi-composé inataka noti moja moja.

Wa kusikiliza hapa ni wengi. Simaro Lutumba anakumbukwa kama mtunzi mwenye falsafa, lakini alishika ridhimu ya OK Jazz kwa takriban miaka 30, na ridhimu yake haikimbii hata pale sebene inapopanda. Pepe Felly Manuaku wa Zaiko Langa Langa ni wa solo, lakini namtaja kwa sababu ya kazi aliyopewa: Zaiko, bendi iliyoanza mwishoni mwa 1969, haikutegemea tarumbeta wala saksafoni, kwa hiyo vishindo vyote vya kuanzisha na kufunga sehemu vilihamia kwenye magitaa. Mwaka 1980 alitoka akaunda Grand Zaiko Wawa. Vijana wa solo za kasi wa Paris wa miaka ya 1980 wanasikika kama wajukuu zake, ila wengi walirithi mbio wakaacha mapumziko. Papa Noel, aliyefariki 2024, ni kinyume cha mbio hizo kabisa. Msikilize alipokutana na Papi Oviedo wa Kuba, mpigaji wa tres, gitaa la Kuba lenye makundi matatu ya nyuzi: wazee wawili, kila mmoja akimsubiri mwenzake amalize.

Tukirudi Nairobi, kuna rekodi moja ambayo ningeiweka mbele ya mwanafunzi wa ridhimu kabla ya nyingine zote: "Sina Makosa" ya Les Wanyika. Ukoo wa Wanyika ulitoka Tanga na ndugu Wilson na George Kinyonga, ukapitia Arusha, ukafika Nairobi mwaka 1971 kama Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wakajitenga na kuwa Les Wanyika. Miongoni mwao alikuwa Omari Shabani, aliyeitwa Profesa, kwenye ridhimu, na Tom Malanga kwenye besi.

Malanga anafanya jambo ambalo mpiga besi mwenye woga halifanyi: anapiga sentensi yake, kisha ananyamaza kabisa, na wimbo hauanguki. Hauanguki kwa sababu ya Shabani. Kordi zake hazipigwi zote kwa pamoja. Zinavunjwa katika noti chache za nyuzi za katikati, na kila kundi linakatwa kabla halijaisha kulia. Ukataji huo unafanywa na mkono wa kushoto: kidole hakiachi uzi, kinapunguza tu shinikizo, na noti inakufa. Ukikata kwa kiganja cha kulia utapata mlio wa kugonga badala ya mlio wa kuimba, na hapo ndipo bendi nyingi za hotelini zinazorudia wimbo huu huharibu. Kosa la pili la bendi hizo ni mpiga besi kuona kimya cha Malanga na kukijaza. Akikijaza, ridhimu inakosa pa kusikika, inaongeza sauti, solo nayo inaongeza, na baada ya dakika mbili kila mtu anapiga kelele.

Benga ni habari nyingine, na ni kosa kuisikiliza kwa masikio ya rumba. Chimbuko la gitaa lake ni nyatiti, kinanda cha Wajaluo chenye nyuzi nane, ambacho mpigaji wake huvaa pete ya chuma kidoleni mguuni na kuugonga ubao wa chombo. Vipande vya nyatiti ni vifupi, vikavu, vinavyojirudia na kubadilika kidogo kidogo. Gitaa la benga likachukua hayo yote: noti moja moja, treble nyingi, piki karibu na daraja. D.O. Misiani wa Shirati Jazz anajulikana, kwa hiyo nitamwelekeza msomaji kwa Collela Mazee wa Victoria. Gitaa lake linafuata sauti ya mwimbaji kama kivuli katika beti, kisha beti zikiisha linatoka mbele na besi inaanza kusukuma kwa nguvu.

Anayeweka mwangwi mwingi kwenye amplifaya anaua benga papo hapo. Noti za kipande kifupi zinapandana, na mdundo uliotokana na ukavu wao unapotea. Zima mwangwi, punguza besi ya gitaa, ongeza treble mpaka isumbue kidogo ukiwa peke yako; bendi ikiingia, usumbufu unaisha. Na usitafute kordi. Tafuta kipande cha noti nne au tano, kirudie mara nane, kisha badilisha noti moja. Wenye mafunzo ya rumba hapa huchoka mapema, wanaanza kupamba, na wimbo unakwenda upande mwingine.

Dar es Salaam ilikuwa na bahati na balaa kwa pamoja. Bahati ilikuwa studio ya Radio Tanzania, ambako bendi nzima ilirekodiwa ikipiga pamoja, kwa hiyo tunasikia mgawanyo wa magitaa jinsi ulivyokuwa ukumbini. Balaa ni kwamba kanda hizo zilidurufiwa kwa kaseti juu ya kaseti, treble ikaliwa, na kinacholiwa kwanza ni gitaa la pili. Ndiyo maana wengi wanaamini Sikinde (yaani Mlimani Park) na Msondo ni muziki wa sauti na tarumbeta. Msikilize Michael Enoch, aliyeanza kujulikana kama solo wa Dar es Salaam Jazz na baadaye akawa nguzo ya upangaji wa muziki wa Mlimani Park. Upangaji wake unasikika kama wa mpiga gitaa: vyombo vya kupuliza vinaingia pale ambapo magitaa yameacha nafasi, mara chache sana juu yake. Hamza Kalala wa Vijana Jazz ana pigo gumu zaidi, lenye ncha, na linafaa kwa anayedhani dansi ya Tanzania ni ya kubembeleza tu.

Ndala Kasheba anastahili aya yake. Mkongo huyu aliyetamba na Orchestra Safari Sound alipiga gitaa la umeme la nyuzi 12. Kwenye gitaa la namna hiyo jozi nne za chini zina uzi wa kawaida na mwingine wa oktavi ya juu, na jozi mbili za juu zina nyuzi mbili zilizo sawa. Ukisoma tena habari ya mi-composé utaona ni ndoto ile ile kwa njia nyingine: kuipata noti ya juu ndani ya umbo la chini. Tofauti ni kwamba Kasheba hakuipoteza noti ya chini, kwa hiyo solo yake ni nene hata gitaa la pili likinyamaza. Gharama yake ni utuni. Nyuzi 12 katika joto la Dar, ukumbi uliojaa na milango imefungwa, hazikai sawa. Jozi ikitofautiana kidogo inatoa mawimbi matamu, ikizidi inatoa karaha. Anayetaka kujaribu atuni nyuzi nene zote sita kwanza, ndipo aje kwenye nyembamba, na asipande juu ya utuni wa kawaida, kwa sababu mvuto wa nyuzi 12 unapinda shingo. Wengi hushusha gitaa zima toni moja na kuweka kapo kwenye freti ya pili.

Kundi la Maquis, bendi nyingine ya Dar es Salaam, nalo lilimpitisha Dekula Kahanga, maarufu kama Vumbi, ambaye baadaye alihamia Stockholm na kuendesha bendi yake huko. Ni miongoni mwa wachache wa kizazi hicho ambao bado wanaweza kusikika wakipiga solo ya Kamanyola, mtindo wa Maquis, kwa mkono ulioipigia Dar es Salaam, na rekodi zake za Uswidi zina usafi ambao kanda za redio hazikuwa nao. Kwa kulisikia gitaa la pili zinafaa kuliko nyingi za zamani.

Nje kidogo ya mipaka ya Kiswahili, wawili wanafaa kuongezwa. Jonah Sithole wa Zimbabwe, aliyefariki 1997, alizihamisha noti za mbira, chombo cha vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwenye gitaa la umeme katika bendi ya Thomas Mapfumo. Kiganja chake cha kulia hukaa juu ya nyuzi karibu na daraja muda wote, na ukikiinua hata kidogo mbira inatoweka inabaki gitaa. D'Gary wa Madagaska, aliyezaliwa 1961, anaiga marovany, kinanda cha sanduku chenye nyuzi, kwenye gitaa kavu na hubadili utuni mara kwa mara. Usimwige kwa kutazama maumbo ya mkono wake wa kushoto kwenye video, maana maumbo hayo hayana maana bila utuni wake. Tafuta kwanza nyuzi zilizo wazi: noti inayoendelea kulia wakati vidole vyote vya kushoto vimehama ni ya uzi wazi. Ukishapata noti tatu za namna hiyo, tuni nyuzi tatu kuzifuata, kisha tafuta nyingine tatu kwa kulinganisha besi.